Sekunde chache kabla ya sauti: gitaa la mwanzo linaloubeba wimbo mzima

Nyuzi Sita (mwanzisha uzi)

Wakuu, shikamooni wakubwa. Wadogo, habari zenu.

Humu tukizungumzia zilipendwa, mjadala huishia kwa waimbaji na watunzi. Nani alikuwa na sauti tamu, nani alimtungia nani, wimbo ulimlenga nani. Leo naomba tukae kidogo na kile kinachotangulia, pale ambapo mwimbaji hajafungua mdomo bado na gitaa liko peke yake mbele ya watu.

Kuna nyimbo zikiingia tu redioni, watu wanazitambua kwa noti tatu nne. Hakuna neno lililotamkwa, lakini aliyekaa anainuka, na aliye jikoni anapaza sauti kwamba redio iongezwe. Kuna nyimbo nyingine zina mpiga solo, yaani gitaa la kuongoza, hodari kuliko wa nyimbo hizo, vidole vinapanda na kushuka shingo nzima ya gitaa, na wimbo ukiisha huwezi kuuvumisha ule mwanzo hata kwa kubahatisha. Tofauti iko wapi?

Msimamo wangu nauweka mezani mapema ili mnikosoe vizuri. Mwanzo mzuri wa gitaa si kazi ya mpiga solo peke yake. Solo anatamka, ridhimu, gitaa linaloshika mzunguko, anamjibu, na besi, gitaa la sauti nzito, anawawekea wote mahali pa kukanyaga. Tunamsifu solo kwa sababu noti zake ziko juu na ndizo tunazoondoka nazo kichwani. Mpiga ridhimu anabaki bila jina, na mara nyingi yeye ndiye aliyeufanya ule mwanzo usimame.

Tuanzie Katanga, kusini mwa Kongo. Mwaka 1952 Hugh Tracey, aliyezunguka sehemu kubwa ya bara hili akirekodi muziki, alimrekodi kijana aitwaye Mwenda Jean Bosco huko Jadotville, mji ambao leo unaitwa Likasi. Wimbo ni Masanga, na umeimbwa kwa Kiswahili cha kule. Mtu mmoja, gitaa kavu moja, basi. Mtu anaweza kuniuliza: sasa hapo ridhimu yuko wapi, besi yuko wapi?

Wote wamo. Bosco alipiga kwa vidole viwili tu vya mkono wa kulia, dole gumba na kidole cha shahada. Dole gumba linashughulika na nyuzi nene za juu, linapiga besi kwa mapigo yake. Kidole cha shahada kinachukua nyuzi nyembamba za chini na kuimba. Ukisikiliza kwa makini utagundua kwamba vidole hivyo havipigi pamoja kila mara. Kimoja kinaanguka katikati ya mapigo ya mwenzake, na ule mwanya mdogo kati yao ndio unaokufanya utikise kichwa bila kujua. Mtaalamu wa muziki David Rycroft aliufanyia kazi upigaji wa Bosco na kuuandika kwa noti, na ukiangalia kazi hiyo unaona jinsi sehemu zinavyojirudia kila mara na badiliko dogo. Bosco hakurudia kitu kilekile mara mbili kama mashine. Alikuwa anakizungusha, anakipunguza, anakiongeza.

Na haharakishi kuimba. Anakuacha na gitaa mpaka ulizoee, mpaka ujue wimbo unaendaje, ndipo sauti inaingia. Inapoingia haigombani na gitaa, kwa sababu gitaa lilikwishaiachia nafasi tangu mwanzo.

Sasa peleka hayo kwenye bendi. Januari 1960 wanasiasa wa Kongo walikuwa Brussels wakijadiliana na Wabelgiji kuhusu uhuru. Joseph Kabasele na wenzake wa bendi ya African Jazz walikuwa hukohuko, na hapo ndipo ulipozaliwa wimbo wa Indépendance Cha Cha. Gitaa la solo ni la Nico Kasanda, aliyekuja kujulikana kama Dokta Nico. Alikuwa kijana wa miaka 20. Angeweza kuonyesha kila anachojua, maana hata wakati huo alikuwa mpigaji wa kutisha. Badala yake alifungua kwa kifungu kifupi kinachong'aa, akanyamaza, waimbaji wakaingia. Watu wa nchi nyingi ambao hawakujua Kilingala walichukua wimbo ule ukawa wao, na mlango waliopitia ni lile gitaa.

Aliyekuwa akimpigia ridhimu ni kaka yake, Charles Mwamba, aliyejulikana kama Déchaud. Hili nitalirudia mbele, kwa hiyo lishikeni.

Kisha bendi ya Les Wanyika ya Nairobi, na wimbo wao Sina Makosa. Nikiombwa kuchagua mwanzo mmoja wa kumfundishia kijana anayejifunza gitaa Afrika Mashariki, nachagua huo bila kusita. Sikilizeni leo usiku kwa vipokea sauti vya masikioni, si kwa spika ya simu. Acheni solo ya John Ngereza kwa dakika moja, msiisikilize. Fuateni ridhimu ya Omar Shabani peke yake. Inazunguka palepale, noti moja moja, haipandi wala haishuki kwa pupa, na haichoki. Ukishaishika, hamia kwenye besi ya Tom Malanga. Hiyo besi haijazi kila pigo. Inasema neno, inakaa kimya, inasema tena. Sasa ndipo urudishe masikio kwa solo, na utaona kwamba Ngereza hapigi vitu vingi. Hana haja. Wenzake wamekwisha kumtengenezea kiti, yeye anakaa.

Jambo jingine ninalolipenda hapo: maneno ya wimbo ni ya mtu anayejitetea, anakasirikiwa, naye anasema hana makosa. Na gitaa limeanza hivyohivyo kabla yake, kwa upole na kusisitiza, bila kelele. Ukifika kwenye neno la kwanza, moyo wako umekwisha kuwa upande wake.

Nawasikiliza.

---

Besi Nzito

Mkuu, umeniponya. Mimi ni mpiga besi na katika maisha yangu yote ya jukwaani sijawahi kuona mtu anakuja kunipongeza kwa mwanzo wa wimbo. Wanaenda moja kwa moja kwa solo.

Naongeza kitu ambacho watu wasiopiga hawakioni. Kwenye mwanzo, kazi kubwa ya besi ni kuamua aingie lini. Ukiingia pamoja na solo tangu noti ya kwanza, unakuwa umeshasema kila kitu. Ukimwacha solo peke yake mizunguko miwili halafu ukaingia, msikilizaji anahisi sakafu imekuja chini ya miguu yake. Pale ndipo watu wanapoinuka kwenda kucheza. Wanadhani ni solo aliyewainua.

---

Mwana wa Tanga

Nyuzi Sita, umewataja Les Wanyika bila kuanzia kwetu, hiyo sikubali.

Hao Wanyika asili yao ni Tanga. Wilson Peter Kinyonga na mdogo wake George walitoka Jamhuri Jazz ya Tanga, wakaenda Arusha wakaunda Arusha Jazz, wakavuka kwenda Kenya mwanzoni mwa miaka ya 1970 na huko ndiko Simba Wanyika ikazaliwa. Omar Shabani alipiga ridhimu Simba Wanyika kabla ya yeye na wenzake kujitenga mwaka 1978 kuanzisha Les Wanyika. Kwa hiyo ile ridhimu inayozunguka unayoisifu haikuanzia kwenye Sina Makosa. Ilipikwa miaka kadhaa ndani ya Simba Wanyika.

Na kwa kuwa umesema tushike habari ya Nico na kaka yake, nadhani najua unakoelekea. Wilson alikuwa anapiga solo na kuimba. George alikuwa anapiga ridhimu na kuimba. Ndugu wawili.

---

Nyuzi Sita

Mwana wa Tanga, umenitangulia kaka, na nashukuru umeiweka Tanga mahali pake.

Ndiyo, huko ndiko nilikokuwa naelekea. Nico na Déchaud, ndugu. Wilson na George, ndugu. Sisemi lazima muwe mmezaliwa tumbo moja ili mpige mwanzo mzuri, maana Ngereza na Omar Shabani hawakuwa ndugu. Nasema kwamba watu waliokulia nyumba moja wamesikilizana tangu utoto. Mmoja anajua mwenzake atavuta pumzi lini. Hiyo ndiyo kazi yenyewe ya mwanzo wa gitaa. Solo anatakiwa ajue ridhimu ataacha wapi upenyo, na ridhimu ajue solo atamaliza sentensi yake wapi. Bendi za zamani ambazo hazikuwa na ndugu zililipata jambo hilo kwa kufanya mazoezi kila siku na kupiga ukumbini wiki nzima. Watu walikula pamoja, walisafiri kwenye gari moja, walilala chumba kimoja. Usishangae magitaa yao yakawa yanaelewana.

---

Nam Lolwe

Hamjambo ndugu zangu wa upande wa pili wa mpaka. Naandika kutoka Kisumu.

Nakubaliana na mwanzisha uzi kwa rumba, lakini kwa benga, muziki wetu Wajaluo, itabidi mbadilishe kipimo. Kwetu solo haiingii kwa upole wala haisubiri kutengenezewa kiti. Inaingia kama imetumwa. Na ina sababu yake.

Gitaa la benga lilijifunza kwa nyatiti. Nyatiti ina nyuzi nane, mpigaji anakaa chini, anapiga nyuzi kwa vidole vya mikono miwili, na mguuni ana chuma cha kugonga kwenye mbao ya chombo chenyewe. Noti zake ni fupi na kavu, zinakuja moja moja kwa kasi, hakuna kodi za gitaa za kupangusa nyuzi zote kwa pamoja. Wapigaji wa Kijaluo walipopata gitaa, walilipiga hivyohivyo. Kwa hiyo mwanzo wa benga ni mstari mmoja wa noti unaokatika na kuruka, na mara nyingi ndio utakaokuja kuimbwa. Gitaa linakupa wimbo wote kabla ya mwimbaji. Yeye akishaimba mstari wake, gitaa linamrudishia.

Chukua D.O. Misiani wa Shirati Jazz. Amezaliwa kwenu huko upande wa Shirati, Tanzania, jina lake likakulia huku Kenya hadi alipofariki mwaka 2006. Mwanzo wake unaujua kwa sekunde mbili. Na besi yake haikai kimya kama ya Malanga, inarukaruka pamoja na solo, zinafukuzana. Ni mazungumzo pia, lakini ya watu wanaozungumza kwa wakati mmoja na bado wanasikilizana. Wajaluo wenzangu wataelewa.

Na magharibi hapa tulikuwa na George Mukabi wa Kisa, aliyefariki 1963. Yeye naye vidole, kama Bosco, mtindo tunaouita omutibo. Mwenzake anagonga chupa ya Fanta, ile ya zamani yenye mistari. Ukisikia ile chupa na gitaa vimeanza pamoja, huhitaji dramu.

---

Nyuzi Sita

Nam Lolwe, hii ya nyatiti ni darasa kamili, asante sana. Na nakubali kubadilisha kipimo. Nilikuwa nimeweka upole kana kwamba ni sharti, na kumbe benga inaonyesha kwamba kinachotakiwa ni gitaa kuujua wimbo wake. Kama wimbo ni wa kuruka, liruke tangu noti ya kwanza.

---

Mama Chwaka

Salaam aleikum. Nimesoma yote na nina langu la kuongeza kutoka visiwani.

Nyinyi mnazungumza kana kwamba huu utamaduni wa ala kutangulia sauti umeletwa na gitaa. Sisi Unguja tumezoea kukaa na ala kabla ya sauti tangu enzi. Kwenye taarab ya asili, onyesho lilikuwa likifunguliwa kwa bashraf, ala tupu, hakuna anayeimba, na watu wametulia wanasikiliza. Kikundi cha taarab cha Nadi Ikhwan Safaa kipo tangu 1905, na wasikilizaji wake walilelewa hivyo. Kisha kuna takasim, pale mpiga udi au kanuni anapoachiwa peke yake aitembeze maqam, yaani ngazi ya noti, atakayoimbia mwimbaji. Hapigi kwa mdundo uliopangwa. Anakupitisha kwenye vyumba vya nyumba kabla hujaambiwa ukae wapi.

Kwa hiyo mtu wa pwani anaposikia gitaa linaanza wimbo polepole, sikio lake limekwisha kufundwa kungoja. Sidhani ni bahati kwamba Tanga na Mombasa zilitoa wapigaji waliojua kumngojesha msikilizaji.

---

Mkongwe wa Ilala

Mama Chwaka, maneno ya maana hayo. Mimi naomba niwarudishe Dar es Salaam na Morogoro, maana mnatuacha.

Mbaraka Mwinshehe. Aliimba, alitunga, na alipiga solo mwenyewe, kwanza Morogoro Jazz, kisha Super Volcano, mpaka ajali ya gari ilipomchukua Mombasa Januari 1979. Hapa kuna jambo la pekee, kwa sababu mkono unaofungua wimbo na mdomo utakaoimba ni vya mtu mmoja. Sikilizeni anavyoanza. Gitaa lake limekwisha kuvuta hewa mahali ambapo yeye mwenyewe atavuta hewa. Mpiga solo anayemfungulia mtu mwingine inabidi akisie. Mbaraka hakuhitaji kukisia.

Kisha kuna Ndala Kasheba na gitaa lake la nyuzi kumi na mbili. Kwa wasiojua, gitaa hilo nyuzi zake ziko mbili mbili. Jozi za nyuzi nyembamba kabisa zinatoa sauti moja, na zile nene zinaambatana na mwenzake mwembamba wa sauti ya juu zaidi. Ukigusa mara moja unasikia wawili. Kasheba akianza, ungedhani kuna watu wawili jukwaani.

Na Sikinde, bendi yetu ya Mlimani Park iliyoanza mwaka 1978. Pale hali ilikuwa ngumu zaidi kwa gitaa kwa sababu kulikuwa na saksafoni na tarumbeta. Mwanzo wa wimbo wa Sikinde mara nyingi ni gitaa kukabidhiana na vyombo vya kupuliza. Gitaa likizidisha maneno, tarumbeta zinapoingia zinakuta hakuna nafasi. Wale walijua kuacha nafasi. Na walirekodi Radio Tanzania Dar es Salaam wote kwa pamoja chumba kimoja, siyo leo huyu anakuja kuweka gitaa lake, kesho mwenzake anaweka lake juu yake. Ukikosea mwanzo, mnaanza upya wote. Ndiyo maana mianzo yao ilikuwa imekaa sawasawa.

---

Kizazi Kipya 255

Wakuu, naheshimu sana mliyoandika, ila naona mnakwepa jambo moja. Hizi nyimbo mnazipenda kwa sababu mlizisikia mkiwa wadogo, baba yupo, redio iko kabatini. Kinachowainua si gitaa, ni kumbukumbu. Mngelelewa na kinanda, leo mngeandika uzi wa kinanda. Mwanzo wowote ukisikika redioni kila siku kwa miaka kumi utakuwa mzuri tu.

---

Nyuzi Sita

Mdogo wangu, hoja yako ni ya kweli kwa kiasi, na naijibu kwa uzito wake.

Kumbukumbu ina nguvu, sikatai. Lakini redio hiyohiyo ya miaka hiyo ilipiga mamia ya nyimbo kila siku, na nyingi zilirudiwa mno. Mbona hatuzikumbuki zote? Kuna kitu kilichochuja. Halafu nenda kwenye harusi yoyote leo, DJ akiweka Sina Makosa katikati ya nyimbo za mwaka huu, tazama vijana wa umri wako. Hawakuwa wamezaliwa. Wanainuka palepale gitaa linapoanza, kabla hawajajua ni wimbo gani.

Na ukitaka kipimo kisichohitaji kumbukumbu, nitakupa ninachokitumia mimi. Chukua wimbo ambao hujawahi kuusikia, wa nchi yoyote. Sikiliza mwanzo wake mara moja, zima, halafu uvumishe kwa mdomo. Kama unaweza, mpigaji alikupa sentensi. Kama unakumbuka tu kwamba ilikuwa haraka, alikupa mazoezi yake ya vidole.

---

Kizazi Kipya 255

Hilo la kuvumisha nimelijaribu sasa hivi kwa Masanga, sikuwa nimewahi kuusikia. Nimeshika ile sehemu ya juu mara moja. Ile ya dole gumba imenishinda, ila nahisi ipo. Nakubali kuna kitu.

Lakini basi tuambieni na sisi tunaotengeneza muziki leo. Mwanzo wa wimbo siku hizi umeshachukuliwa. Prodyuza anaweka sauti ya jina lake, msanii naye anajitaja, studio inatajwa, na msikilizaji ana kidole tayari kwenye simu aruke wimbo mwingine. Gitaa litaingia wapi?

---

Besi Nzito

Dogo, hata wale wa zamani walibanwa na muda. Santuri ndogo ya 45 ilikuwa na dakika chache kila upande, na wimbo mrefu ulikatwa katikati, sehemu ya kwanza upande huu, sehemu ya pili unageuza. Walijua hawana nafasi ya kupoteza. Nico kwenye Indépendance Cha Cha hakuchukua dakika nzima. Ufupi si adui wa mwanzo mzuri.

Mimi ningekushauri uondoe vitu, usiongeze. Weka gitaa moja bila kinanda nyuma yake, bila dramu, mzunguko mmoja tu. Kisha besi. Hilo jina la prodyuza lisubiri baada ya mstari wa kwanza, halitakufa.

---

Nam Lolwe

Na msirekodi gitaa mizunguko miwili halafu mkainakili kwenye kompyuta wimbo mzima. Sikio linajua. Bosco alibadilisha kidogo kila aliporudia, na mzee Misiani vilevile. Mkimlipa mpigaji, mwacheni apige kuanzia mwanzo hadi mwisho.

---

Mpenzi wa Nyuzi

Naomba kuuliza, samahanini kama ni swali dogo. Najifunza gitaa na nimekuwa nikijaribu ile sauti ya Kikongo inayometameta kwenye mianzo, ile inayokaa katikati ya solo na ridhimu. Nikipiga noti zilezile kwenye gitaa langu inatoka nzito. Nimebadilisha amplifaya, nimeongeza sauti ya juu, bado. Nakosea wapi?

---

Nyuzi Sita

Si swali dogo hata kidogo, na hukosei popote. Tatizo si mkono wako, ni nyuzi zako.

Kwenye bendi nyingi za Kongo, na baadaye za kwetu zilizofuata njia hiyo, kuna gitaa la tatu linaloitwa mi-solo, linakaa kati ya solo na ridhimu. Wapigaji wengi wa mi-solo huutoa uzi wa nne, ule wa D, na mahali pake wanafunga uzi mwembamba kama wa kwanza, kisha wanautyuni D ileile lakini oktavu moja juu. Kwenye gitaa la kawaida, ukishuka kutoka uzi wa nne kwenda wa tatu sauti inapanda. Kwenye gitaa hili, uzi wa nne uko juu kuliko wa tatu. Kwa hiyo vidole vyako vikifanya mzunguko uleule wa kawaida, noti zinatoka kwa mpangilio ambao sikio halikuutegemea, na zote ziko karibu karibu, juu juu. Ule mng'aro unatoka hapo. Hakuna kitufe cha amplifaya kitakachokupa.

Nunua uzi mmoja mwembamba wa akiba, jaribu. Usiukaze kwa haraka, panda taratibu, maana ukipitiliza utakatika na unaweza kukuumiza mkono au jicho.

Halafu kwa upande wa solo, anza kutafuta noti mbili zinazotembea pamoja. Shika uzi wa kwanza na wa pili kwa wakati mmoja, panda na shuka nazo ukifuata noti za ufunguo wa wimbo. Kisha fanya hivyo kwa uzi wa kwanza na wa tatu, ukiuacha wa pili bila kuugusa. Sauti ya pili itakuwa pana zaidi. Mianzo mingi mnayoipenda ya rumba imejengwa na hizo jozi mbili tu.

Na umtafute mwenzako wa kukupigia ridhimu. Usiitumie ile ya simu.

---

Mwana wa Tanga

Hapo kwenye mwenzako wa ridhimu naomba nimwongezee kijana. Mkikaa wawili, msianze na wimbo. Mmoja azungushe kodi mbili tu, tuseme C na G, hata dakika kumi, asibadilishe kitu. Wewe kaa kimya kwanza. Sikiliza anapoachia mkono, pale nyuzi zinaponyamaza kidogo kati ya pigo na pigo. Weka noti yako ya kwanza hapo. Moja tu. Mzunguko unaofuata weka mbili. Mkifika noti tano na bado anakusikia na unamsikia, badilishaneni, wewe piga ridhimu yeye awe solo. Mpiga solo ambaye hajawahi kukaa kwenye ridhimu huwa anajaza kila mahali.

---

Mpenzi wa Nyuzi

Shukrani sana wakuu zangu. Uzi mwembamba ninao nyumbani. Dada yangu anajua C na G, nitamwomba anizungushie kesho jioni.

---

Mkongwe wa Ilala

Dada yako! Mwanzisha uzi, umeona? Kijana, mkishazoea, yeye ndiye aanze kuchagua spidi, siyo wewe. Na mkirekodi kitu mkiweke hapahapa tukisikie.